Kazi iko mtandaoni, lakini mwili utalala wapi?

Zamani kijana akipata kazi, jamaa yote ilijua ofisi yake iko jengo gani, anaingia saa ngapi na anatoka saa ngapi. Siku hizi mambo yamegeuka. Kijana anaamka, anafungua kipakatalishi chake juu ya meza ya chakula, na mwajiri wake yuko Toronto au London. Jirani akiuliza mwanao anafanya kazi wapi, mama hana la kujibu. Anamwona ameketi nyumbani kutwa, lakini mwisho wa mwezi mshahara unaingia.

Kijana huyo akishazoea kazi hiyo mwaka mmoja au miwili, huja na neno jipya: "Mama, kwa kuwa kazi yangu ni ya mtandaoni, nataka nikakae miezi mitatu Kampala." Au Kigali. Au Dar es Salaam. Hapo ndipo wazazi hushika tama. Wengine hudhani ni njia ya kukwepa macho ya nyumbani. Wengine huuliza swali lenye maana zaidi: atalala wapi, na kwa pesa ngapi?

Leo nataka tulichambue swali hilo la pili, kwa sababu wengi wa vijana hawa hawashindwi na kazi. Hushindwa na nyumba. Chumba kibaya hula akiba yote kabla ya mwezi wa pili. Umeme ukikatika mara tatu mbele ya mteja, kazi yenyewe huota mbawa. Na kijana akirudi nyumbani mikono mitupu, hasara si yake peke yake. Mara nyingi mshahara huo huo ndio unaomlipia mdogo wake karo.

Kwa nini jirani na si Ulaya

Tusidanganyane. Zipo nchi za mbali zilizofungua milango kwa wafanyakazi wa mtandaoni, lakini milango hiyo ina bei. Mauritius ilianza kutoa viza ya namna hiyo mwaka wa 2020, na anayeiomba lazima aonyeshe kipato cha angalau dola 1,500 kwa mwezi. Ureno ilianza yake Oktoba 2022, nayo hudai mapato yanayofikia mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo. Kijana wa Umoja au Kayole anayeanza kwa kunakili sauti za watu au kujibu wateja wa duka la mtandaoni hafiki hapo. Na akifika, kodi ya nyumba mjini Lisbon itamla.

Kwa hivyo mwenye busara huanza karibu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Tanzania bado inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Nauli ni ya basi, na mambo yakiharibika, nyumbani ni safari ya siku moja au mbili.

Lakini kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, angalia muhuri au karatasi unayopewa mpakani. Itakuonyesha umeruhusiwa siku ngapi, na siku hizo ndizo sheria yako, hata kama rafiki yako alipewa zaidi. Ruhusa ya mgeni si ruhusa ya kuajiriwa na kampuni ya nchi hiyo. Ukiwa na shaka, uliza ofisi ya uhamiaji kabla hujafunga sanduku. Pili, usifikiri kwamba ukivuka Malaba umeikimbia KRA. Kwa sheria yetu ya ushuru wa mapato, mwenye makao ya kudumu Kenya na aliyekuwa nchini hata sehemu ya mwaka huo huhesabiwa kuwa mkazi. Miezi mitatu Kigali haikuondoi katika daftari.

Hesabu ya nyumba si kodi peke yake

Kosa la wengi ni kuuliza kodi ya mwezi, kisha kuigeuza kuwa shilingi za Kenya na kufurahi. "Chumba na sebule kwa bei hiyo? Rongai hupati!" Pole pole, ndugu yangu. Kila mji una desturi yake ya kulipa, na desturi hiyo ndiyo huamua nyumba kuwa rahisi au ghali.

Tuchukue Dar es Salaam. Huko wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Hutaka ya miezi mitatu, sita, au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali aliyekuonyesha nyumba naye hutaka chake, na kwa kawaida chake ni kodi ya mwezi mmoja.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Umepata nyumba ya shilingi za Tanzania 300,000 kwa mwezi. Mwenyewe anataka miezi sita: 1,800,000. Dalali anataka 300,000. Jumla ni 2,100,000, na bado hujanunua kitanda. Kama unakaa miezi mitatu tu, umelipa 700,000 kwa kila mwezi ulioishi humo, kwa nyumba isiyo na hata kijiko. Rafiki yako aliyechukua chumba chenye vyombo vyote kwa 600,000 kwa mwezi, bila dalali, ametumia 1,800,000 tu. Wewe uliyemcheka ndiye uliyetoa zaidi.

Geuza hesabu hiyo. Tuseme utakaa miezi sita, na umetumia 500,000 kununua godoro, jiko na meza. Jumla yako ni 2,600,000. Rafiki yako kwa miezi sita atakuwa amelipa 3,600,000. Sasa wewe ndiye mjanja, na godoro unaweza kuliuza ukiondoka.

Kwa mfano huu njia hizo mbili zinakutana baada ya mwezi wa nne. Ukikaa chini ya hapo, tafuta chumba chenye vyombo hata kama kodi yake inakutisha. Ukipita hapo, panga nyumba tupu na ununue vitu vichache. Kila mji una tarakimu zake, lakini hesabu ni hiyo hiyo: kodi ya miezi unayolazimishwa kulipa, ongeza arbuni, ongeza dalali, ongeza vyombo, kisha ugawanye kwa miezi utakayokaa kweli, si ile unayoota.

Uliza pia umeme unalipwaje. Nairobi tunanunua tokeni. Dar utaambiwa LUKU, Kampala utaambiwa Yaka, na Kigali utasikia Cash Power. Ni jambo moja: unalipa kabla ya kutumia. Kabla hujatoa hata shilingi, uliza kama mita ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine. Anayefanya kazi usiku kucha akichangia mita na jirani mwenye pasi na jiko la umeme, ugomvi hauko mbali.

Mji kwa mji

Dar ni rahisi kwetu kwa lugha, lakini lugha hiyo hiyo humtega Mkenya. Usimwambie mwenye nyumba "nipe hiyo nyumba". Sema "naomba". Ukikutana na mzee, anza kwa shikamoo, kisha ndipo uzungumzie bei. Wapo waliopunguziwa kodi kwa sababu ya adabu tu. Huko stima ni umeme na matatu ni daladala. Mitaa kama Sinza, Kijitonyama na Mwenge ina nyumba nyingi za watu wa kipato cha kati na usafiri haukosekani. Msasani na Masaki waachie wenye mishahara ya mashirika. Akikutajia kodi kwa dola, mkumbushe kwa upole kwamba tangu 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutoza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Kampala ina vyumba vya aina zote, kuanzia muzigo, yaani chumba kimoja katika safu ya vyumba kama ploti zetu, hadi nyumba zenye lango na mlinzi. Vijana wengi wa ofisini hukaa Ntinda, Bukoto, Kisaasi na Najjera. Mwanafunzi au kijana mwenye mfuko mwembamba atazame hosteli za Kikoni, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, au Kansanga, ambako Wakenya wengi wamesoma. Hosteli hizo hulipwa kwa muhula, na wakati wa likizo ndefu vyumba hubaki vitupu. Hapo ndipo pa kuomba bei ya miezi miwili. Jua pia kwamba Kampala ukiitiwa "taksi" unaletewa matatu, usije ukalia umetapeliwa. Sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka wa 2022 inasema kodi ilipwe kwa shilingi za Uganda, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Kigali ni mji safi na mtulivu, lakini kodi yake katika mitaa kama Nyarutarama na Kiyovu hupanda pamoja na vilima. Tafuta Kimironko, Remera au Nyamirambo. Uliza habari za aneksi, ile nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa ndani ya ua mmoja. Unakaa karibu na familia yenye nyumba, mlinzi mnashirikiana, na mzazi aliyeachwa Nairobi hulala usingizi. Dalali huko huitwa komisiyoneri. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi kuna Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na asubuhi hiyo maduka na magari husimama. Usipange kuhama siku hiyo. Chukua jembe utoke na wenzako. Ndiyo njia ya haraka ya kujulikana na majirani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Wanyarwanda wameliweka katika kalenda.

Chumba cha kazi si chumba cha kulala tu

Anayeenda ofisini anaweza kuvumilia chumba kibaya, kwa kuwa mchana hayumo. Wewe ofisi yako ndiyo hiyo. Kama mteja wako yuko New York na anaanza kazi saa tatu asubuhi, kwako Nairobi, Dar au Kampala ni saa kumi alasiri au saa kumi na moja jioni, kutegemea majira yao. Akifunga ofisi, kwako ni saa sita au saa saba usiku. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hivyo huko unapata nafuu ya saa moja ya kulala.

Maana yake ni kwamba nyumba hiyo lazima uitazame mara mbili: mchana, na tena usiku kati ya saa mbili na saa tano. Mchana utaona rangi ya ukuta. Usiku utasikia baa iliyo nyuma ya ukuta, jenereta ya jirani, na mahubiri ya kipaza sauti. Simama chumbani na rununu yako upime mtandao hapo hapo, si barabarani. Muulize mpangaji wa chumba cha pili, si mwenye nyumba, umeme ulikatika mara ngapi wiki iliyopita. Mwenye nyumba atakuambia haukatiki kamwe.

Halafu kuna jambo ambalo vijana husahau kabisa: kalenda ya siasa. Januari 2021, Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi kwa siku kadhaa. Tanzania ilizima Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, na ikapita siku kadhaa kabla ya mtandao kurejea, huku Dar es Salaam ikiwa chini ya amri ya kutotoka nje. Wengi waliumia vibaya zaidi siku hizo kuliko kupoteza mteja, na hilo tusilisahau. Lakini kwa anayekula kwa mtandao, funzo ni wazi. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, tazama kama kuna uchaguzi katikati. Ukiwapo, uwe nyumbani kabla ya wiki hiyo, na mwambie mteja wako mapema.

Matapeli hawana mpaka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kijana anaona picha nzuri za nyumba akiwa bado Nairobi. Anaandikiana na "mwenye nyumba" anayesema kuna watu wengine watatu wanaitaka, tuma arbuni leo. Anatuma, maana M-Pesa siku hizi inavuka mpaka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Akifika, nyumba ipo, lakini mwenyewe ni mtu mwingine na hana habari.

Dawa yake ni rahisi. Usilipie nyumba ambayo miguu yako haijakanyaga. Wiki ya kwanza lala katika nyumba ya wageni, hosteli ya kanisa au msikiti, au kwa jamaa. Gharama ya wiki hiyo si hasara, ni bima. Katika wiki hiyo tembea kwa miguu mtaani, uliza mama wa kibanda cha mboga, mwendesha boda na mlinzi wa lango. Nyumba nyingi za bei nafuu hazijapigwa picha hata moja. Zimeandikwa kwa chaki kwenye kibao au zimo midomoni mwa majirani.

Ukiipata, usimwamini dalali wala karatasi zake mpaka umemwona kiongozi wa mtaa. Tanzania nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Kampala tafuta mwenyekiti wa LC1. Rwanda tafuta kiongozi wa umudugudu. Hawa wanajua nyumba ya nani ni ipi, na wewe mgeni inakupasa ujulikane kwao. Sahihi ya kiongozi huyo kwenye mkataba wako ina uzito kuliko mihuri kumi ya dalali.

Mkataba wenyewe uwe wa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Uandikwe kodi ni kiasi gani na kwa fedha gani, arbuni itarudishwa lini, nani analipa maji na taka, na ukitaka kuondoka mapema unatoa taarifa ya siku ngapi. Siku ya kuingia, piga picha za kila ufa ukutani na kila bomba linalovuja, umtumie mwenye nyumba. Siku ya kutoka hamtakuwa na ubishi.

Na wazazi je?

Mzazi, usimkatalie mwanao kwa sababu tu hujaona ofisi yake. Mwombe akuonyeshe mambo matatu. Kwanza, rekodi ya malipo ya miezi sita iliyopita, si ahadi ya mteja mmoja aliyempata juzi. Pili, akiba ya kodi ya miezi mitatu pamoja na nauli ya kurudi, iliyowekwa mahali asipoifikia kwa urahisi. Kazi hizi hukatika bila barua ya onyo. Mteja anaacha tu kujibu. Tatu, hesabu kama ile tuliyoifanya hapo juu, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Akikuonyesha yote matatu, mpe baraka zako. Akishindwa hata moja, mwambie angoje. Hujamnyima, umemwahirisha.

Kama ni binti, usimwambie kwamba mabinti hawasafiri, kwa maana wanasafiri na wataendelea kusafiri. Keti naye mkubaliane aina ya nyumba: ua wenye lango, familia ndani, barabara yenye taa, na choo kisichomlazimu kutoka nje saa saba za usiku baada ya kazi. Nyumba ya namna hiyo huenda ikazidi nyingine kidogo kwa bei. Hapo ndipo mzazi mwenye uwezo anaweza kusaidia, si kwa kumtumia pesa za matumizi, bali kwa kuongezea tofauti hiyo ya kodi.

Nanyi vijana, mnapohesabu unafuu wa nyumba, msiihesabu pesa peke yake. Nyumba rahisi ni ile inayokuacha na usingizi wa kutosha, umeme wa kumaliza kazi, jirani wa kukujulia hali, na nauli ya kurudi nyumbani mfukoni. Kikikosekana kimojawapo, hata ukilipa nusu ya kodi ya Nairobi, umelipa ghali.